Busta ya breki ya gari la urithi: Spea njema ni amana



Ndugu msomaji, miongoni mwa barua tulizopokea juma hili imo moja kutoka Lushoto ambayo tumeona tuijibu hapa hadharani, kwa kuwa jambo lake linazigusa nyumba nyingi. Mwandishi wa barua hiyo anaeleza kwamba marehemu baba yao amewaachia, pamoja na vitu vingine, gari aina ya Peugeot 504 linalotumia petroli. Limekaa bandani miaka mitatu. Injini inawaka, rangi ingali inang'aa, lakini pedeli ya breki imekuwa ngumu kama jiwe, na mtu akiikanyaga husikia mlio wa hewa inayovuja karibu na miguu yake. Fundi amesema busta imekufa.

Kaka zake wana rai mbili. Mmoja anataka inunuliwe busta yoyote ya bei rahisi, ilimradi gari lisimame mbele ya mnunuzi. Mwingine anataka liuzwe kama lilivyo, pasi na kusema neno, kwa hoja kwamba mnunuzi ametoka mbali na ameridhika na rangi. Yeye mwenyewe anapenda gari lifufuliwe kwa spea za kweli, kwani mama yao ndilo analolizoea. Anatuuliza: spea njema za kuisuka upya busta ya gari la zamani zinapatikana wapi, na atazitambuaje?

Swali hili lina upande wa chuma na upande wa dini. Tutaanza na chuma, kwa sababu asiyejua kitu kinavyofanya kazi hawezi kujua ni wapi anapodhulumiwa wala ni wapi anapodhulumu.

Kazi ya busta

Busta ni lile duara la bati, mithili ya sufuria mbili zilizofunikizana, linalokaa kati ya pedeli na masta silinda. Ndani yake mna utando wa raba unaoligawa duara hilo vyumba viwili. Injini ya petroli inapounguruma huvuta hewa, na mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi huinyonya hewa iliyomo katika busta, vyumba vyote viwili vikabaki na ombwe. Dereva anapokanyaga pedeli, vali ndogo hufunguka na kuiruhusu hewa ya kawaida iingie chumba cha nyuma tu. Hewa hiyo huusukuma utando mbele, na utando huisukuma fimbo inayoingia katika masta silinda.

Nguvu hiyo si ndogo. Kwenye usawa wa bahari, hewa inayotuzunguka hukandamiza kwa uzito wa takriban kilo moja katika kila sentimita moja ya mraba. Chukua utando wenye kipenyo cha sentimita 20: eneo lake ni kama sentimita 314 za mraba. Tofauti ya mgandamizo ikiwa ni sehemu saba kwa kumi ya kilo, utando huo husukuma kwa nguvu ya takriban kilo 220. Huo ni msaada ambao mguu wa mtu hauwezi kuutoa peke yake kwa wepesi.

Elimu hii ni kongwe. Mhandisi wa Kibelgiji, Albert Dewandre, aliunda kifaa cha namna hii mwaka 1927, na mwaka uliofuata magari ya Pierce-Arrow ya Marekani yakatoka na msaada wa breki unaotumia ombwe. Kwa hiyo hakuna siri ndani ya busta ya Peugeot, Mercedes au Land Rover ya zamani. Kuna bati, raba, springi, vali na fimbo. Mtihani wake ni kwamba vyote hivyo vimefungiwa ndani, na jicho la mnunuzi halivioni.

Busta inapokufa, breki hazipotei zote. Mguu bado unafika kwenye masta silinda, lakini sasa unasukuma peke yake. Kijana mwenye misuli huweza kulisimamisha gari kwa taabu, ilhali mama mtu mzima, au baba ambaye magoti yamechoka, huenda asiweze kwa wakati unaotakiwa. Anayeijua barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo, na kona zake zilizobana baina ya mlima na bonde, hahitaji kuelezwa zaidi.

Tuongeze nasaha moja kwa madereva. Wapo wanaozima injini mteremkoni ili wabane mafuta. Injini ikizimwa, busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha pedeli huwa nzito. Akiba hiyo ya petroli haina thamani mbele ya roho moja.

Hakikisha kabla ya kununua

Kabla ya kwenda dukani, ni wajibu kuhakikisha kwamba busta ndiyo mgonjwa. Majaribio ni mepesi na hayahitaji chombo.

La kwanza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Ishikilie kwa mguu, kisha washa injini. Pedeli ikishuka kidogo yenyewe, busta inasaidia. Isiposhuka, kuna hitilafu. La pili, iache injini iunguruma dakika moja au mbili, izime, kisha kanyaga pedeli taratibu mara kadhaa. Mara ya kwanza inapaswa kwenda chini zaidi, na kila inayofuata iwe juu kuliko iliyotangulia. La tatu, kanyaga pedeli injini ikiwa inaunguruma, izime ukiwa bado umeishikilia, uhesabu nusu dakika. Pedeli isipobadilika kimo, busta haivuji.

Jaribio likionesha hitilafu, bado usiihukumu busta. Tazama mpira unaotoka kwenye manifoldi kama umepasuka au umelegea. Tazama vali ya njia moja iliyo mwanzoni mwa busta: ukiitoa na kuipuliza, hewa ipite kuelekea injini tu, isirudi. Kama gari ni la dizeli, kumbuka kwamba injini ya dizeli haitoi ombwe la kutosha, hivyo hutumia pampu maalumu. Katika Land Cruiser nyingi za zamani pampu hiyo imefungwa nyuma ya jenereta ya kuchajia betri. Wangapi wameinunua busta nzima kwa fedha nyingi, na kumbe ugonjwa ulikuwa wa mpira wa shilingi chache!

Jambo la mwisho katika uchunguzi ni mafuta ya breki. Yakipungua bila kuonekana yanapovujia, fungua masta silinda utazame nyuma yake. Raba ya nyuma ya masta silinda ikichoka, mafuta huingia ndani ya busta, huula utando, na pengine huvutwa mpaka kwenye injini na kutoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe. Hapo kuisuka busta bila kuitengeneza masta silinda ni sawa na kudeki sakafu huku paa linavuja.

Jua unachokitafuta

Kosa la kwanza katika kutafuta spea ni kwenda dukani na jina la gari peke yake. Ukisema "busta ya Peugeot 504" hujasema kitu kamili. Magari ya aina moja yaliyotoka kiwandani miaka tofauti, au hata mwaka mmoja, huweza kuwa na busta za watengenezaji mbalimbali. Magari ya Kiingereza mara nyingi yalifungwa busta za Girling au Lockheed, ya Kijerumani za ATE, na ya Kifaransa za Bendix. Utando wa mmoja hauingii katika duara la mwingine hata kama kwa macho yanafanana.

Basi iondoe busta, isafishe kwa brashi na kitambaa, utafute maandishi yaliyogongwa kwenye bati au kwenye kibandiko. Yaandike yote. Pima kipenyo cha duara. Angalia kama ina utando mmoja au miwili, kwani zipo zenye vyumba viwili vilivyofuatana. Pima umbali baina ya boliti zinazoishikilia. Pima urefu wa fimbo inayotokeza mbele kuelekea masta silinda, uandike kipimo hicho kabla mtu yeyote hajaigusa. Piga picha kila upande. Na usiitupe busta ya zamani hata ukinunua nyingine, kwa sababu mwili wake wa asili mara nyingi una bati zito lililo bora kuliko la kuigiza, na huenda ndiyo itakayosukwa upya.

Yako pia magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960 ambayo busta yake haikai kwenye pedeli kabisa, bali imefungwa mbali, pembeni mwa injini, na kuunganishwa kwa mabomba ya mafuta ya breki. Hiyo ina pistoni na raba zake za mafuta ndani, na seti ya raba zake ni nyingine kabisa. Mwenye gari la namna hiyo alitaje hilo kwa muuzaji tangu neno la kwanza.

Milango minne ya spea

Spea za busta ya gari la zamani huja kwa milango minne, na kila mlango una adabu yake.

Mlango wa kwanza ni watengenezaji wa gari wenyewe. Baadhi yao wamerudi kuhudumia magari yao ya zamani. Mercedes-Benz ina kituo chake cha magari ya kale huko Fellbach, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Peugeot ina taasisi yake ya urithi, L'Aventure Peugeot, inayouza spea za magari yaliyokwisha kuacha kutengenezwa. Toyota nayo ina mpango wa kutengeneza upya baadhi ya spea za Land Cruiser za mfululizo wa 40. Si kila kitu kinapatikana huko, na bei ni kubwa, lakini hapo ndipo pa kuanzia, angalau kupata namba sahihi ya spea.

Mlango wa pili ni mafundi mabingwa wa Ulaya, Marekani na kwingineko ambao kazi yao ni kusuka busta, na wanaouza seti kamili ya kutengenezea, ambayo mafundi wetu huiita ripea kiti. Seti ya kweli ina utando, raba za vali, sili ya mbele inayozuia hewa kwenye fimbo, chujio dogo la hewa, kidonge cha raba kinachokaa mbele ya vali, na grisi yake. Seti yenye utando tu ni nusu ya dawa. Muulize muuzaji orodha ya vilivyomo kabla ya kulipa, na muulize swali hili: raba hizi zimetengenezwa mwaka gani?

Mlango wa tatu ni bidhaa za akiba ya zamani, zile ambazo zimekaa stoo miaka thelathini au arubaini zikiwa hazijafunguliwa. Hapa wengi hudanganyika kwa uzuri wa boksi. Kwa bati, fimbo na springi, akiba ya zamani huweza kuwa hazina. Kwa raba ni hatari. Raba huzeeka hata ikiwa ndani ya karatasi, kwa joto, kwa hewa na kwa muda, na stoo ya Pwani yenye joto la mwaka mzima huizeesha upesi. Utando uliotengenezwa mwaka 1980 si mpya kwa kuwa boksi lake halijafunguliwa. Ukipata busta ya akiba, ihesabu kuwa ni mwili mzuri unaohitaji raba mpya.

Mlango wa nne ni spea za mtumba. Huu ndio uliozoeleka kwetu: Gerezani na Kariakoo Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, na kwa wenye ndugu Ghuba, soko kubwa la spea zilizotumika la Sharjah. Kwa Peugeot 504 tuna bahati ya ujirani. Gari hili liliwahi kuunganishwa Kenya, likabeba abiria wa safari ndefu miaka mingi, na likashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na 1978. Kwa hiyo upande wa Kenya vipuri vyake vimezagaa kuliko vya magari mengine ya rika lake. Lakini busta ya mtumba nayo ichukuliwe kwa ajili ya mwili wake, si raba zake. Itikise: ukisikia kioevu ndani, mafuta yameingia. Chungulia tundu la mbele kwa tochi: kutu iliyochimba bati haiondoki kwa rangi. Tazama mabati yanapoungana: alama za nyundo na bisibisi zinaeleza kwamba kuna mtu alikwisha kuifungua bila vifaa.

Nyuma ya milango hii minne lipo dirisha la wezi, nalo ni bidhaa ya bandia yenye jina la mtengenezaji mashuhuri. Majina mengi ya zamani yamepita mikononi mwa makampuni mengine, hivyo jina kwenye boksi peke yake si ushahidi. Tazama kama namba ya spea imegongwa au kuchapwa kwenye kitu chenyewe, kama maandishi hayana makosa ya tahajia, kama bati lina unene sawa na la zamani, na kama muuzaji yuko tayari kuandika jina la bidhaa katika risiti. Mwenye kukataa kuandika amekwisha kukujibu. Na kwa Tanzania, malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Kunyamaza ni kumwachia mwenzio shimo ulilokwisha kuliona.

Raba, grisi na mpira

Katika busta, raba ndiyo roho. Hapa ndipo spea rahisi na spea njema zinapoachana, ingawa kwa macho zinafanana kama pacha. Utando mwema una unene ulio sawa kila mahali, na ukiukunja kwa vidole hurejea bila kuacha mstari. Utando mbaya hunuka vikali, huacha unga mweusi mkononi, na pembeni una mabaki ya kiwanda yasiyokatwa.

Raba si za jinsi moja. Raba zinazogusa mafuta ya kawaida ya breki hutengenezwa ili zivumilie mafuta hayo, na zikiguswa na oili ya injini, dizeli au petroli huvimba na kuharibika. Kinyume chake, raba nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya oili huharibiwa na mafuta ya breki. Ndiyo maana haifai kuokota sili ya kipimo kinachofanana kutoka kwenye pampu ya maji au gea boksi ukasema "imeingia." Kuingia si kufaa. Ndiyo maana pia haijuzu kwa fundi kuosha raba kwa petroli, wala kuzipaka grisi ya beringi. Hutumiwa grisi iliyokuja na seti, au ile ya silikoni iliyoruhusiwa na mtengenezaji wa seti hiyo.

Na mpira unaoleta ombwe uwe ni wa kazi hiyo, wenye ukuta mnene usiojifunga unapovutwa. Mpira wa maji hulainika kwa joto la injini, kuta zake hugusana, na breki hupoteza msaada bila dalili.

Mkono wa fundi

Spea njema katika mkono usiojua ni hasara mbili. Ndani ya busta mna springi yenye nguvu, na mabati mengi yameshikana kwa meno yanayofunguliwa kwa kuzungushwa yakiwa yamebanwa. Anayeyafungua kwa patasi huharibu ukingo, na springi huweza kumrukia usoni. Fundi anayestahiki ana kibano cha kushikilia mabati, ana kifaa cha kupimia ombwe, na hafanyi kazi hiyo juu ya mchanga.

Yapo mambo mawili ambayo mwenye gari anaweza kumuuliza fundi, na majibu yake yakampambanua mjuzi na mbahatishaji. La kwanza ni urefu wa ile fimbo ya mbele. Ikiwa ndefu kupita kiasi, masta silinda haitarudi mwisho, breki zitabaki zimekamata na kupata moto njiani. Ikiwa fupi, pedeli itakwenda chini bure kabla ya kukamata. La pili ni kile kidonge cha raba kilicho mbele ya vali. Ni kidogo, na huanguka pasipo mtu kujua. Kikikosekana, breki hukamata ghafla kwa mguso mdogo, na dereva hushindwa kuzipima. Fundi atakayesema kidonge hicho hakina kazi, mshukuru, uchukue busta yako.

Kama hapana fundi wa namna hiyo karibu, ni heri kuituma busta kwa wanaoisuka kuliko kununua seti itakayoharibiwa. Na unapoagiza kutoka nje, usimwombe muuzaji aandike bei ndogo katika ankara ili ushuru upungue. Huo ni uongo ulioandikwa, na hautaondoka kwa kuitwa ujanja.

Aibu ya bidhaa

Sasa turudi kwa kaka wa msomaji wetu, na kwa wafanyabiashara wetu pia, ambao wengi wao katika soko la spea ni Waislamu.

Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye rundo akasema limenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w) akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu huo juu ili watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwendo wake. Tuitazame hali hiyo kwa makini. Mtu yule hakusema uongo kwa ulimi. Alichofanya ni kupanga kikavu juu na kibichi chini. Busta iliyopigwa rangi nyeusi mpya juu ya utando uliochoka ni rundo lile lile.

Na katika hadithi nyingine, waliyoafikiana Bukhari na Muslim, tunafundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kudanganya, baraka yake hufutwa. Kwa msingi huo wanachuoni wameweka khiyari ya aibu: mnunuzi aliyekuta kasoro ya kale ambayo hakubainishiwa ana haki ya kurudisha. Muuzaji anayetundika ubao wa "mali ikishauzwa hairudishwi" ajiulize kama ubao huo utamsaidia kwa kasoro aliyokuwa akiijua.

Vivyo hivyo kwa neno "kama lilivyo." Kuuza gari bovu si haramu. Gari bovu lina thamani yake, na wapo wanaolitafuta kwa mwili au injini yake. Kisichofaa ni kuijua aibu na kuinyamazia. Neno "kama lilivyo" halimwondolei mtu dhima ya kasoro anayoijua na kuificha, hasa kasoro inayoweza kuua. Mnunuzi yule aliyetoka mbali atashuka na gari hilo kwenda Mombo, na pengine amempakia mkewe na watoto.

Nao mafundi wakumbuke kwamba Mtume (s.a.w) amemwekea dhamana anayetibu watu hali hajulikani kwa elimu ya tiba, na wanachuoni wamelipima kwa hilo jukumu la kila anayejitia katika kazi asiyoijua ikaleta madhara. Anayeshika breki za watu yumo katika mlango huo.

Kwa warithi wa Lushoto

Ushauri wetu kwenu, ndugu zetu, ni huu. Gari hili bado ni mali ya warithi wote, akiwemo mama yenu. Basi lisiguswe wala lisiuzwe kwa rai ya mmoja. Madeni ya marehemu na wasia wake yatangulie, kama sharia ilivyopanga. Kisha kaeni pamoja mchague moja kati ya njia mbili safi.

Njia ya kwanza ni kulisuka. Fanyeni majaribio tuliyoyataja, ondoeni busta, someni maandishi yake, tafuteni seti kamili yenye raba za karibuni, na itengenezeni masta silinda pamoja nayo. Andikeni gharama yote, na aliyetoa fedha zake kwa makubaliano arudishiwe kabla ya kugawana. Gari likikamilika, lijaribiwe kwanza mahali tambarare, kwa mwendo mdogo, kabla ya kuuona mlima.

Njia ya pili ni kuliuza bovu, kwa bei ya gari bovu, na kumwandikia mnunuzi katika hati ya mauzo kwamba busta ya breki haifanyi kazi, na kwamba gari libebwe, lisiendeshwe. Mtapata pungufu. Lakini pungufu hiyo ni halali yenu.

Rai ya busta ya bei rahisi, ilimradi gari lisimame mbele ya mnunuzi, haimo katika njia hizi mbili. Hiyo ni kununua unyevu na kuufunika kwa kikavu, na kumwingiza marehemu katika jambo ambalo hakulifanya, kwa sababu gari litaitwa la fulani kwa miaka mingi, na kila atakayelitaja atamtaja yeye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w) amrehemu marehemu, awape warithi wake masikilizano, na atujaalie sote, wauzaji na wanunuzi, mafundi na madereva, tuwe wenye kubainisha. Wallahu a'alam.